Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Nyutrino Ni Nyepesi Kiasi Hicho?

SWALI: Ndugu Mhariri, toleo lililopita lilieleza kwamba nyutrino zina tungamo, ilhali kitabu ninachofundishia kidato cha sita kinasema hazina. Nani yuko sahihi? Na kama kweli zinalo, wanafizikia wanauelezaje udogo wake?
Mwalimu wa fizikia, Morogoro

JIBU: Ndugu Mwalimu, kitabu chako kimepitwa na wakati, ingawa hakikuzua neno, kwa kuwa Modeli Sanifu ya chembe, yaani nadharia ya chembe za msingi na nguvu zinazozitawala, kama ilivyoundwa katika miaka ya 1960 na 1970, ilizihesabu nyutrino, chembe zisizo na chaji zinazopenya karibu kila kitu, kuwa hazina tungamo kabisa. Nyutrino ziko za aina tatu: ya elektroni, ya myuoni na ya tau. Dalili ya kwanza kwamba kuna kasoro ilitoka kwa mwanasayansi Raymond Davis, aliyezika tangi la lita zipatazo 380,000 za kiowevu chenye klorini katika mgodi wa Homestake huko South Dakota, Marekani, akawa kila baada ya majuma kadhaa anazisaka humo atomi chache za agoni zilizozaliwa baada ya nyutrino kugonga klorini. Alipata takriban theluthi moja tu ya zile zilizotarajiwa kutoka kwenye Jua, na kwa miaka mingi wengi walimshuku yeye au hesabu za Jua. Mwaka 1998 kituo cha Super-Kamiokande cha Japani kilionyesha kwamba nyutrino za myuoni zinazotufikia kutoka chini, baada ya kuipenya Dunia nzima, ni pungufu kuliko zinazoshuka kutoka juu. Kisha kituo cha SNO cha Kanada kikathibitisha kwamba zile za Jua hazikupotea, bali zilibadilika aina njiani. Takaaki Kajita na Arthur McDonald walitunukiwa Tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo mwaka 2015.

Mabadiliko hayo hayawezekani bila tungamo. Kila aina ni mchanganyiko wa hali tatu zenye matungamo tofauti, na mawimbi ya hali hizo huachana kidogo kidogo kadiri yanavyosafiri. Kama matungamo yote yangekuwa sifuri, mchanganyiko uliotoka kwenye Jua ungetufikia vilevile ulivyotoka. Hata hivyo, njia hii hupima tofauti za vipeo vya pili vya matungamo tu, si matungamo yenyewe. Jaribio la KATRIN huko Karlsruhe, Ujerumani, limeweka kikomo cha juu cha elektroni-volti 0.45 (kizio ambacho wanafizikia hupimia nishati na tungamo la chembe), yaani nyutrino ni nyepesi zaidi ya mara milioni moja kuliko elektroni.

Maelezo yanayopendwa zaidi ni ya bembea, yaliyopendekezwa na Peter Minkowski mwaka 1977 na wengine miaka miwili baadaye. Tuchukulie kwamba nyutrino ndiyo antichembe (pacha wa kinyume wa chembe) yake yenyewe, kama Ettore Majorana alivyowaza mwaka 1937, na kwamba ina mwenzake mzito mno. Hapo tungamo la nyutrino yetu hupatikana kwa kuchukua kipeo cha pili cha tungamo la kawaida, kama la chembe nyingine, na kukigawanya kwa tungamo la huyo mwenzake, kwa hiyo kadiri mmoja anavyozidi kuwa mzito ndivyo mwingine anavyozidi kuwa mwepesi. Weka gigaelektroni-volti (mabilioni ya elektroni-volti) 100, katika kipeo cha pili, juu na gigaelektroni-volti 100,000,000,000,000 chini: jibu ni elektroni-volti 0.1, palepale panapotakiwa. Hesabu inavutia, lakini huyo mwenzake yuko mabilioni ya mara juu ya nishati ya mashine ya kugonganisha chembe ya CERN, maabara ya Ulaya, na sioni atakavyozalishwa maabara.

Fumbo la pili ni pembe za mchanganyiko, zinazopima jinsi zile hali tatu zinavyochanganyika. Kwa kwaki, chembe zinazounda protoni na nyutroni, pembe kubwa kuliko zote ni nyuzi 13 hivi, ilhali kwa nyutrino mbili ni kubwa, takriban 34 na karibu 45. Mwaka 2002 wanafizikia Harrison, Perkins na Scott walipendekeza mpangilio nadhifu wa nyuzi 35.3, 45 na sifuri, na wananadharia wengi wakaujengea misingi ya ulinganifu wa piramidi yenye nyuso nne za pembetatu. Mwaka 2012 jaribio la Daya Bay nchini China likaipima pembe ya tatu: si sifuri, bali karibu nyuzi 8.5. Wengi waliziongezea modeli zao viraka, na kwa maoni yangu modeli inayotiwa kiraka baada ya kipimo haina tena cha kutabiri. Hall, Murayama na Weiner, waliokuwa wamedai mwaka 2000 kwamba hakuna mpangilio wowote wa kutafutwa, yaani pembe hizo ni za bahati nasibu tu, walinusurika vizuri zaidi.

SWALI: Je, kuna jaribio litakalotupatia uamuzi?
Mwanafunzi, Eldoret

JIBU: Kwa sehemu. Kiini cha atomi kikionekana kikitoa elektroni mbili kwa mpigo bila nyutrino yoyote, itathibitika kwamba Majorana alikuwa sahihi, na bembea itapata nguvu, ingawa tungamo la yule mwenzake mzito litabaki halijulikani. Kituo cha JUNO cha China, kilichoanza kukusanya data mwaka 2025, kinatafuta ni hali ipi kati ya zile tatu iliyo nyepesi kuliko zote, na jibu lake litafuta modeli kadhaa kwa mkupuo.