Mshipa wa shingo umejikunja, lazima mama apasuliwe?

SWALI: Dokta shikamoo. Mama ana miaka 66, presha anayo muda mrefu, juzi alikua na kizunguzungu akapigwa altrasaundi ya shingo wakakuta mshipa wa damu upande wa kushoto umejikunja. Daktari mmoja kasema afanyiwe oparesheni asije akapata stroku, mwingine kasema ameze dawa tu. Tumsikilize yupi?

JIBU: Marahaba, na pole sana na mama. Kuna kitu hujaniambia na ndo kinaamua kila kitu: je mama ameshawahi kuishiwa nguvu mkono au mguu wa KULIA, mdomo kwenda upande, maneno kugoma kutoka, au jicho la kushoto kuingia giza, hata kama ni dakika tano tu halafu akawa sawa? Nauliza hivo kwa sababu mshipa huo, karotidi ya kushoto, unalisha jicho la kushoto na ubongo wa kushoto, na ubongo wa kushoto ndo unaendesha mwili upande wa kulia na kwa watu wengi hata kuongea. Kizunguzungu peke yake mara nyingi hakitokani na karotidi, msikimbilie kisu kwa ajili hiyo.

Watu wengi wana mishipa iliyopinda na hawajui, wengine wamezaliwa nayo, wengine umri na presha vimeurefusha mshipa mpaka ukakosa pa kukaa. Kupinda kidogo au kujizungusha mara nyingi hakuna shida, kinachotutisha ni kona kali, pale mshipa unapojivunja kama mpira wa maji uliokunjwa, damu inapungua hasa akigeuza shingo, au donge la damu linajitengeneza pale kwenye kona linapanda kichwani.

Sasa kama dalili hizo zipo na kona ni kali, oparesheni ina maana kabisa. Mwaka 2005 madaktari wa Italia walitoa majibu ya utafiti uliolinganisha wagonjwa wa namna hiyo, waliopasuliwa na waliopewa dawa, na waliopasuliwa walifanya vizuri zaidi. Kinachofanyika ni kukata ule urefu uliozidi, kuunyoosha mshipa na kuushona upya, mara nyingi pale pale unapoanzia kwenye mshipa mkubwa. Stenti, kile kibomba cha wavu kinachowekwa ndani ya mshipa, haifai sana hapa maana ukinyoosha kona moja inaweza kuhamia juu yake.

Lakini kama hajawahi kupata dalili yoyote, mimi nipo na yule wa dawa, kwa sababu oparesheni yenyewe inaweza kuleta stroku, na neva za pale zikiguswa sauti inakwaruza au ulimi unakwenda upande. Muulizeni daktari wa upasuaji bila aibu, wagonjwa WAKE wangapi wamepata stroku mezani au baada ya hapo? Na kabla ya kukubali afanyiwe CT skani ya mishipa, altrasaundi pekee haitoshi.

Kwa sasa presha ishuke na ibaki chini, kolesteroli ipimwe, aspirini aanze kwa maelekezo ya daktari tu. Dalili nilizotaja zikitokea mpelekeni hospitali saa hiyohiyo hata zikipotea njiani, maana siku mbili za mwanzo ndo hatari zaidi. Na akija kutibiwa koo au tonsili mwambieni daktari kabla hajagusa chochote, mshipa uliojikunja unaweza kua umesogea mpaka nyuma ya koo.