Nati inayokwama

SWALI: Mhariri, mimi ni fundi wa mashine za kubangulia korosho hapa Mtwara. Pakiti ya bolti nilizoletewa imeandikwa M10×1.25–6g, lakini nati ya M10 niliyonunua dukani inaingia mizunguko michache kisha inakwama. Je, bolti ni mbovu? (Fundi, Mtwara)

JIBU: Ndugu fundi, bolti zako huenda ni nzima kabisa, na nakusihi usiilazimishe nati hiyo kwa spana, kwani utaharibu meno ya vyote viwili. M10 ni kipenyo cha nje cha milimita 10, na 1.25 ni umbali kutoka jino hadi jino. Alama ya M10 ikiandikwa peke yake humaanisha meno ya kawaida, yenye umbali wa milimita 1.5, na bila shaka ndiyo uliyouziwa. Kwa hiyo agiza nati ya M10×1.25–6H.

Tarakimu 6 hutaja ukubwa wa tofauti inayoruhusiwa kiwandani, na kadiri inavyopungua ndivyo kipimo kinavyobana zaidi. Herufi ndogo ni ya bolti, kubwa ni ya nati: H huanzia kwenye kipimo kamili, ilhali g huishusha bolti kidogo, kwa meno yako milimita 0.028, ili nati izunguke kwa urahisi na pabaki nafasi ya zinki nyembamba. Ukichagua bolti zilizochovywa katika zinki ya moto kwa sababu ya chumvi ya pwani yetu, nafasi hiyo haitoshi. Nunua pamoja na nati zake zilizopanuliwa.