Bana matumizi, usibane sahani ya mteja

Bei ya mchele ikipanda, kitu cha kwanza kubadilika kwenye migahawa yetu ni bakuli la kupimia wali. Linakuja dogo kidogo, mboga inapungua, na maharage yanaongezwa maji mpaka punje zinatafutana. Mwenye biashara anahesabu kwamba amebana matumizi. Mteja naye anahesabu, ila hasemi. Kesho unamwona amekaa kwenye benchi la jirani.

Nina mgahawa mdogo Temeke: supu na chapati asubuhi, wali na ugali mchana. Vipindi vya bei kupanda nimevipitia, na msimamo wangu ni huu: kabla hujagusa kinachofika mdomoni kwa mteja, maliza kwanza vyote ambavyo yeye havionji. Mteja haonji mkaa. Haonji umeme wa friji wala riba ya mkopo wako. Huko ndiko pa kubana.

Anza na moto. Kama bado unabandika maharage makavu asubuhi, unachoma hela. Yaloweke jioni kabla ya kufunga, yalale kwenye maji, asubuhi yamwage maji hayo ndipo ubandike. Yataiva haraka zaidi na hakuna mteja atakayejua tofauti. Mkaa nao una majira yake: masika ikianza barabara za huko mkaa unakotoka zinaharibika na bei ya gunia inaruka, kwa hiyo mwenye pa kuhifadhi pakavu anunue kabla. Kununua kwa makopo kila siku kunaonekana nafuu kwa sababu unatoa hela kidogo kidogo, lakini hesabu makopo ya mwezi mzima uone umelipa magunia mangapi.

Mimi siku hizi maharage nayapika kwa presha kuka ya umeme. Najua watu wanaogopa neno umeme, basi tuweke hesabu mezani. Kwa sisi tunaonunua LUKU ya kawaida, shilingi 1,000 haifikishi hata uniti tatu. Sufuria ya lita sita inaivisha kilo ya maharage kwa chini ya uniti moja. Linganisha hapo na mkaa unaowasha kwa sufuria hiyo hiyo. Kwa wanaotumia gesi, dai mtungi upimwe mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Toa huo kwenye uzito wa jumla, kinachobaki ndiyo gesi uliyolipia. Muuzaji akinuna, duka lingine lipo mtaa wa pili.

Tukiwa kwenye umeme, niseme kuhusu lile friji la kioo ambalo kampuni za vinywaji huwapa wauzaji bila malipo. Friji ni la bure, umeme ni wako. Soma mita ukiwa umeliwasha siku nzima, kisha soma tena siku ambayo limezimwa, halafu weka tofauti hiyo kando ya faida ya soda ulizouza. Kwa duka lenye foleni ya wanafunzi linalipa vizuri. Kwa mgahawa unaouza soda chache mchana, huenda unaipozea kampuni vinywaji vyake kwa LUKU yako.

Mchele una siri moja ambayo wauzaji wa Tandale wanaijua vizuri. Mchele mpya unaingia kwa wingi kuanzia Mei hadi Julai, baada ya mavuno, na hapo bei huwa inashuka. Lakini mchele mpya ukiupika unashikana na haujai sufuria. Uliokaa miezi kadhaa unakunywa maji zaidi na kufura, kwa hiyo kilo ile ile inatoa sahani nyingi zaidi. Ndiyo maana inafaa kununua wakati wa mavuno na kuuacha ukae, mradi una mahali pakavu na wadudu hawajaukuta. Mtaji hautoshi gunia? Ungana na wenzako wawili watatu, nunueni pamoja kwa kilo, mgawane kwa mzani. Nasisitiza mzani, maana visado vimevunja urafiki wa watu wengi.

Halafu kuna makombo. Kabla mwosha vyombo hajamwaga, simama pale uangalie sahani zinarudi na nini. Kwangu ulikuwa wali, hasa kwa kina dada wa maofisini wanaokula kidogo. Nikaweka nusu sahani kwa bei yake, na wanaotaka kamili wakabaki na kamili yao. Tofauti na kupunguza bakuli kimya kimya, hapa mteja amechagua mwenyewe. Pia sufuria kubwa moja ya saa tano nimeigawa: moja inatangulia, ya pili inabandikwa nikishaona watu wa siku hiyo. Siku ya mvua hiyo ya pili haiwashwi kabisa.

Kwenye malipo ya simu kosa ni moja tu: mteja analipa kwa lipa namba, wewe unakwenda kwa wakala kutoa, unakatwa, kisha unabeba noti kumpelekea muuza nyama ambaye naye ana lipa namba. Mlipe moja kwa moja. Makato ni madogo kwa muamala mmoja ila ni ya kila siku.

Daftari watu hulichukia, lakini linapunguza hata kodi. Kwa viwango vya kodi ya makadirio ninavyovijua mimi, mwenye mauzo kati ya milioni 7 na 11 kwa mwaka asiyetunza kumbukumbu analipa 250,000. Anayetunza analipa 90,000, na asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 7. Chukua anayeuza kama 25,000 kwa siku, yaani milioni 9 hivi kwa mwaka: mwenye daftari analipa 150,000, asiye nalo analipa 250,000. Laki moja nzima inaondoka kwa uvivu wa kuandika! Viwango huweza kuguswa kila bajeti ya Juni, kwa hiyo pita ofisi ya TRA uulize vya mwaka huu. Na humo humo kwenye daftari andika chakula kinacholiwa na familia yako na hela unayochomoa ya daladala. Usipoandika, utadhani biashara haina faida kumbe faida inakaa nyumbani.

Mshahara wa mpishi siugusi. Mpishi mzuri akiondoka, anaondoka na wateja.

Nimeacha mkopo mwisho kwa sababu ndio mzito kuliko yote niliyosema. Unaweza kuloweka maharage mwaka mzima na kausha damu mmoja, yaani mkopeshaji wa riba kubwa, akayafuta yote ndani ya mwezi. Ukikopeshwa 500,000 urudishe 600,000 baada ya mwezi, riba ni asilimia 20. Mwongozo wa Benki Kuu kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni ni asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani 17,500 kwa mkopo huo huo. Kwa hiyo kabla hujasaini, uliza leseni, kisha uliza utarudisha shilingi ngapi jumla, si “marejesho ni kidogo tu kila siku.” Mali kauli nayo ni mkopo: muulize muuza mchele bei ya taslimu na bei ya kulipa baadaye, tofauti yake ndiyo riba.

Kuna pia mikopo ya halmashauri, ile inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, isiyo na riba, kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ilisitishwa Aprili 2023 ikarudi 2024. Haiji haraka, kwa hiyo omba wakati biashara inakwenda vizuri, si siku ambayo sufuria zimekauka. Pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ukiwa na wenzako wa upatu mnaoaminiana, sehemu ngumu imekwisha; bado katiba ya kikundi, usajili na akaunti ya benki.