Kiti kirefu cha kwadi ni cha nani?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni msimamizi wa shamba la parachichi hapa Njombe. Mwaka huu tajiri ametununulia kwadi, ile pikipiki ya matairi manne, cc 420, ya kuzungukia mipaka na kukagua mabomba ya umwagiliaji. Shida ni kwamba kila asubuhi lazima niende na fundi wa maji, na mashine ni moja. Kiti ni kirefu, watu wawili tunaenea bila taabu. Lakini kwenye madigadi pana kibandiko chenye picha ya watu wawili waliopigwa mstari. Kijana wa kuchomelea hapa mjini anasema atanitengenezea kiti cha bomba juu ya keria ya nyuma, chenye egemeo, na springi za nyuma atazikaza. Je, hapo tutakuwa salama? Pili, Jumapili mwanangu wa miaka saba naweza kumpakia mbele yangu, polepole tu, uwanjani?

JIBU: Kama una haraka, soma hapa tu kisha uendelee na kazi: hapana, na hapana. Tena kiti cha bomba kitaifanya hiyo mashine iwe mbaya kuliko mkibanana wote wawili kwenye kiti chake cha kawaida. Ukipata nafasi, kaa nikueleze sababu, maana neno "hapana" peke yake halijawahi kumshusha mtu kwenye chombo hapa nchini. Lingekuwa linamshusha, tusingeujua mshikaki wa abiria kwenye bodaboda.

Umeanza na urefu wa kiti, na hapo ndipo penyewe. Kwenye bodaboda kiti kirefu ni nafasi ya abiria, ndiyo maana chini yake kuna vikanyagio viwili vya ziada. Kwenye kwadi ya mtu mmoja, urefu ule ni uwanja wa dereva kuhamahama. Ukipanda kilima unasogea mbele mpaka kifua kinakaribia usukani. Ukiteremka unarudi nyuma. Kwenye kona unaegemeza mwili ndani, huku mguu wa nje ukikandamiza kikanyagio chake. Pikipiki ya matairi mawili hujilaza yenyewe kwenye kona, kwadi hailali. Na nyingi za shamba ekseli ya nyuma ni moja isiyo na difu, tairi mbili zinazunguka kwa mwendo mmoja, kwa hiyo ukikata kona zinataka kukusukuma moja kwa moja mpaka uhamishe uzito. Mwili wa dereva pale ni kipuri, sawa na shokapu. Mpakie mtu nyuma yako na kipuri hicho umekifunga kamba.

Sasa hesabu. Nimekupigia ya karatasi kwa mashine ya ukubwa kama wa yako: uzito kilo 260 uliogawanyika nusu mbele nusu nyuma, ekseli hadi ekseli meta 1.27, dereva wa kilo 75. Ukiwa peke yako, umekaa tu bila hata kuegemea mbele, mashine iliyosimama itaanza kutaka kupinduka kinyumenyume kwenye mwinuko wa nyuzi 43 hivi. Huo ni ukuta, hakuna mwenye akili anayeupanda. Mweke fundi wa maji wa kilo 70 kwenye kiti cha bomba, sentimeta 15 nyuma ya ekseli, na zile 43 zinakuwa 33. Bado unaona ni nyingi? Hapo mashine imesimama. Ukivuta mafuta kwa nguvu kiasi, ule mvuto wa kawaida wa kuupanda mlima, ukiwa peke yako unabaki na nyuzi kama 31, na mkiwa wawili mnabaki na 18. Nyuzi 18 ni kupanda sentimeta 32 kwa kila meta moja ya kwenda mbele. Nenda kapime njia zako za kukatiza kati ya mistari ya miparachichi, halafu kumbuka kwamba nimehesabu ardhi ngumu iliyonyooka, si udongo mwekundu wenye mifereji ya mvua.

Tazama ule uzito ulipokaa: nyuma ya ekseli. Abiria wa hapo hakandamizi tairi za mbele hata kidogo, anazinyanyua, kama mtoto aliyekalia upande wa pili wa pembea ya ubao. Na tairi za mbele ndizo unazopigia kona.

Niliwahi kulipia somo hili kwa mgongo wa mtu mwingine. Kabla ya kuhamia huku bara nilikuwa fundi wa kwadi za watalii pwani. Jioni moja tunarudisha mashine bandani, mwenzangu akarukia nyuma yangu. Safari yenyewe meta mia mbili, na kilima ni tuta la mchanga ambalo ungelipanda huku unakula embe. Tairi za nyuma zikapiga mzizi wa mnazi, mwenzangu akayumba, akafanya ambalo hata wewe ungelifanya: akanikumbatia kifuani na kunivuta. Mikono yangu ikanyooka, nikaubana usukani nisiende naye. Mafuta ya kwadi, kama unavyojua, hayazungushwi kama ya bodaboda. Unayasukuma kwa kidole gumba cha kulia kwenye kile kijiti. Ukibana kwa nguvu, gumba nalo linabana. Mashine ikanguruma na tairi za mbele zikainuka taratibu, kama mbuzi anayefuata majani mtini. Mwenzangu alishuka kwa mgongo, mimi nikarukia kushoto, na kwadi ikasimama wima kitambo kidogo kabla ya kuangukia upande usiokuwa na mtu. Hakuna aliyeichagulia upande.

Mwendo ulikuwa wa mtu anayetembea. Wengi wakiniuliza habari hizi husema "lakini tutaenda polepole," nami humkumbuka yule mbuzi.

Kwadi za watu wawili zipo, tena nzuri, na ukizipima kwa futi utaona hazikuongezewa mto tu. Can-Am Outlander 570 ya mtu mmoja ina milimeta 1,295 kutoka ekseli hadi ekseli. Dada yake wa watu wawili, Outlander MAX 570, ina 1,499. Hizo ni sentimeta 20 zilizoongezwa ndani ya chasi yenyewe, ili abiria asining'inie nyuma ya tairi. Kisha akapewa kiti kilichoinuka, egemeo, vishikio vyake vya mikono na mahali pake pa kukanyaga, asiwe na haja ya kumkumbatia dereva. Wamarekani wanazitenga kabisa kwenye viwango vyao: Aina ya I ni ya dereva peke yake, Aina ya II ni ya dereva na abiria mmoja, na sheria yao ya mwaka 2008 ya usalama wa bidhaa iliufanya utaratibu huo kuwa wa lazima kwa kila mtengenezaji anayeuza kule. Kile kibandiko ulichokiona maana yake ni hiyo: yako ni Aina ya I. Kijana wako wa kuchomelea anaweza kukuletea kiti siku hiyohiyo. Sentimeta 20 hana pa kuzitoa.

Hata yale masanduku ya plastiki yenye mto na egemeo yanayouzwa mtandaoni, ya kufungwa juu ya keria, usiyaamini kwa sababu yanaonekana ya kiwandani. Yanakaa palepale ambapo kiti cha bomba kingekaa.

Kuhusu kukaza springi: kunainua tako la mashine lililozama. Basi. Ekseli inabaki pale ilipokuwa, na kwa kuwa umeinua nyuma, umewapandisha wote wawili juu zaidi ya ardhi. Wala usije ukashawishika kufidia uzito kwa upepo. Hili nimelikuta mashamba mengi: mtu anaipeleka kwadi kwa mjaza upepo wa bodaboda, kijana anaibonyeza tairi kwa gumba, anaiona laini, anaijaza mpaka 25. Tairi za kwadi za kazi huwa zinataka PSI 4 hadi 7 tu, kutegemea mashine. Namba yako imeandikwa kwenye kibandiko cha madigadi au kitabu cha mashine. Ikijazwa kupita hapo inakuwa duara kama mpira, inagusa ardhi kwa mstari mwembamba na kuruka kila ikipiga jiwe. Nunua geji ya upepo mdogo. Ile ya magari namba zake za chini hazisomeki vizuri.

Keria nayo ina namba yake. Kwenye mashine za ukubwa wako kwa kawaida ya nyuma ni kilo 60 hivi na ya mbele 30. Isome iliyoandikwa kwenye yako. Fundi wako wa maji mwenye kilo 70, bado hajashika spana, ameshaizidi.

Miguu ya abiria nusura niisahau, na ndiyo inayoumia mara nyingi kabla hamjapinduka. Kwadi ya mtu mmoja haina pa kuweka miguu yake. Itaning'inia, na tairi ya nyuma yenye meno marefu iko sentimeta chache kutoka kwenye kisigino. Ikinasa buti, inavuta kwenda chini na nyuma. Bomba la moshi kwenye nyingi liko upande mmoja nyuma, joto lake unalijua.

Kuna mtu ataniuliza: na kwenye kuteremka? Kwa haki, hapo hesabu ya kupinduka haimwonei abiria. Uzito wa nyuma unasaidia kidogo. Lakini ukishika breki, yeye anateleza na kukugandamiza kwenye usukani, na wewe uliyetakiwa kurudi nyuma huna pa kurudia. Ubavuni hali ni ileile: watu wawili wanapandisha kitovu cha uzito, na njia ya kukatiza kilima kwa upande ndiyo mbaya kuliko zote.

Yapo mazingira ambayo sitakulaumu. Mtu kaumwa na nyoka kule mwisho wa shamba, gari haifiki, simu haishiki. Hapo mpakie, lakini mweke kwenye kiti chenyewe, amegusana na mgongo wako, kamwe si juu ya keria. Wewe sogea mbele kadiri unavyoweza. Gia ya chini kabisa, mwendo wa mguu, njia ndefu ya tambarare badala ya mkato wa kilimani. Ashike keria kwa nyuma kama ana nguvu, asikushike wewe. Pakiwa na mwinuko na anaweza kusimama, ashuke, mtu mwingine amsaidie, umpokee juu. Aliyeanguka na kuumia shingo au mgongo usimpandishe kabisa. Mfuate kwa gari au mbebeni kwa machela.

Kwa kazi ya kila siku, mwambie tajiri bei tatu. Ya kwanza, bodaboda ya fundi wa maji, maana njia zenu nyingi zinapitika. Ya pili, kubadilisha hiyo kwa kwadi ya Aina ya II. Ya tatu, ghali zaidi lakini ndiyo ningeichagua kwa shamba lenye vilima: kile kigari cha shamba cha viti vya ubavu kwa ubavu, chenye usukani wa duara, fremu ya kinga juu ya vichwa na mikanda. Mkanda wenyewe ufungwe, si kukaliwa. Tajiri akisita, mkumbushe kwa upole kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamdai mwajiri mazingira salama, na kwamba fundi akiumia juu ya chombo chenye kibandiko cha kumkataza abiria, karatasi zitamwuliza nani alimruhusu. Jina la msimamizi ni lako. Tela ya kuvuta msiipandie pia. Haina springi wala pa kushika, na nyuma ya kwadi inarukaruka.

Mwanao. Mzazi akimweka mtoto mbele yake anahisi amemkinga kwa mikono miwili. Kinyume chake, kifua cha mtoto ndicho kitakachoupiga usukani kwanza, na wewe utakuwa mzigo unaokuja kwa nyuma. Halafu mtoto wa miaka saba akiona kijiti kinachofanya mashine ingurume, atakibonyeza. Hata kwenye zile za watu wawili, watengenezaji huandika abiria asiwe chini ya miaka 12, na miguu yake iwe inafika kwenye vikanyagio. Jumapili mwoshe naye hiyo kwadi, ufunguo ukiwa mfukoni mwako.

Kijana wa kuchomelea usimnyime kazi. Mwambie akutengenezee sanduku jepesi la bomba na bati la kukaa juu ya keria ya nyuma, fupi, lisizidi kimo cha kiti, lenye nafasi ya spana, kona za mabomba, valvu na roli ya mpira wa umwagiliaji wa matone. Sanduku na vyote vilivyomo visipite kilo zilizoandikwa. Lifungwe kwa yu-bolti ili siku likihitajika kutolewa litoke, na asichomelee chochote moja kwa moja kwenye chasi. Achomoe betri ya kwadi kabla hajawasha mashine yake ya kuchomelea. Nimeshapokea kwadi mbili zilizounguzwa kompyuta kwa kusahau hilo tu. Vifaa vitapanda na wewe, fundi wa maji atakukuta kwenye valvu.