Kufaktaraizi kwadratiki (kuvunja hesabu yenye x² iwe mabano mawili yanayozidishana): maswali yenu ya mabano

Za kawaida napata, ikija alama ya kutoa nachanganyikiwa. Mfano x² − x − 12.

Unatafuta namba mbili ambazo ukizizidisha zinaleta ya mwisho, −12, na ukizijumlisha zinaleta ya katikati, ile ya mbele ya x, hapa −1. Anza na namba ya mwisho, usikimbilie ya katikati. Ya mwisho ikiwa chanya, namba zako mbili zina alama moja, na ya katikati ndo inakwambia ni ipi. Ikiwa hasi, moja chanya moja hasi, ile kubwa (usiangalie alama, 4 ni kubwa kuliko 3) inafuata alama ya katikati. Hapa kubwa iwe hasi: −4 na 3. Jibu (x − 4)(x + 3), kwisha.

Namba ikikaa mbele ya x², kama 6x² + 11x − 10, mi hubahatisha tu mpaka muda unaisha.

Pole, hata mi nilikuwa hivyo hivyo, nafuta na raba mpaka karatasi inatoboka. Sasa sikia, zidisha ya kwanza na ya mwisho, 6 mara −10 unapata −60, halafu tafuta mbili ambazo ukizizidisha zinaleta −60 na ukizijumlisha zinaleta 11. Andika jozi za 60 pembeni: 1 na 60, 2 na 30, 3 na 20, 4 na 15, simama hapo hapo, 15 toa 4 si ni 11? Vunja ile 11x:

6x² + 15x − 4x − 10

Mbili za mwanzo unatoa 3x nje, inabaki 3x(2x + 5). Mbili za mwisho, na hapa ndo wengi wanaanguka, unatoa −2 sio 2, kwahiyo ile −10 ikiingia ndani inageuka kuwa +5: −2(2x + 5). Mabano yamefanana? Yasipofanana kuna alama umeikosea, rudi nyuma. Jibu (2x + 5)(3x − 2).

Mbona x² − 9 inavunjika ila x² + 9 inagoma?

Kwasababu katikati hamna kitu, yaani namba zako mbili lazima jumla yake iwe 0, kama 3 na −3. Hizo ukizizidisha unapata −9, +9 huipati ng'o. Halafu huo ujanja wa (x − 3)(x + 3) una raha yake, mtu akikuuliza 97 mara 103 we unasema 10,000 toa 9, ni 9,991, kalamu hujashika.

Nitajuaje mapema kwamba haivunjiki?

Piga b² − 4ac, a ni namba ya mbele ya x², b ya mbele ya x, c ya mwisho; jibu lisipokuwa na kipeuo cha pili kamili, haivunjiki. Kwa x² + 5x + 3 ni 25 − 12 = 13, haina kipeuo cha pili kamili, achana na mabano nenda kwenye fomula ya kwadratiki.

Nani alituletea mateso haya?

Wengi humtaja Al-Khwarizmi wa Baghdad, karne ya 9, ila yeye hakuwa na mabano. Kwa x² + 10x = 39 alichora mraba, akajazia kona ya 25 ikawa 64, upande 8, toa 5, jibu 3. Sisi tukiandika (x − 3)(x + 13) = 0 tunapata na −13, yeye hiyo hakuihesabu, maana urefu wa hasi utaupima na rula gani.