Gari la kilomita laki mbili na fundi wa mtaani: majibu ya maswali yenu

Maswali mengi safari hii yanahusu magari yaliyokwisha kula kilomita laki mbili na kwenda juu, ambayo wenyewe hawana uwezo wala hamu ya kuyapeleka gereji ya wakala. Nimeyafupisha. Wenye magari mapya mtanivumilia.

Nimenunua gari lenye kilomita 240,000 na sina kumbukumbu yoyote ya sevisi. Nianzie wapi bila kufilisika?

Anzia pasipoonekana. Rimu na redio zitakuja baadaye. Swali la kwanza kumuuliza fundi: injini hii ina mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu zifunguke kwa mpangilio na pistoni, au ina cheni? Kama ni mkanda na hakuna anayejua ulifungwa lini, uchukulie kuwa umekwisha. Watengenezaji wengi huupangia kati ya kilomita 90,000 na 160,000, na huweka pia kikomo cha miaka, kimoja kikitangulia unabadilisha. Kwenye injini nyingi mkanda ukikatika pistoni hugonga valvu, na hapo hamzungumzii sevisi tena, mnazungumzia injini nyingine. Kama pampu ya maji inazungushwa na mkanda huohuo, ibadilishwe siku hiyohiyo pamoja na roli zake. Kazi ya kufika kwenye mkanda ndiyo inayokula fedha, usiilipie mara mbili.

Baada ya hapo ni vya kumimina: oili ya injini na filta yake, maji ya rejeta, oili ya giaboksi, mafuta ya breki. Haya ya breki ndiyo husahaulika kuliko yote. Hunyonya unyevu hata gari likiwa limeegeshwa, na yakishanyonya huchemka mapema. Utayajua kwenye mteremko mrefu, pedali inapozama mguuni. Kila miaka 2 yamwagwe.

Kisha nunua daftari. Tarehe, kilomita, kilichofanywa, spea ya aina gani. Fundi mpya akilisoma ataacha kubahatisha, na siku ya kuuza litakuongezea bei.

Nitamjuaje fundi mwaminifu? Nimepigwa mara nyingi mno.

Pole. Lakini wengi waliokupiga huenda hawakuwa wezi, walikuwa wanabahatisha kwa fedha yako, na mfuko hauoni tofauti. Kwa hiyo mtafute anayepima kabla ya kufungua.

Chukua mfano. Gari linatetemeka, taa ya injini inawaka, kompyuta inatoa msimbo P0301, yaani silinda ya kwanza inakosa moto. Mbahatishaji atakuandikia koili nne (zinazopeleka umeme kwenye plagi), plagi nne, na nozeli za kurushia mafuta juu yake. Mpimaji atachomoa koili ya silinda ya kwanza, ataihamishia ya pili, atafuta msimbo na kuliwasha tena. Msimbo ukirudi ukiwa P0302, koili ndiyo mbovu, unanunua moja. Ukibaki P0301, koili haina kosa, anahamia kwenye plagi kwa mtindo uleule, kisha nozeli, na mwisho anapima kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda. Hadi hapo hujanunua hata nati. Kompyuta haitaji spea iliyokufa, inaonyesha mahali pa kuanza kutafuta, na ukimsikia fundi anasema "kompyuta imesema tubadilishe" mwulize imesemaje hasa.

Dalili nyingine ni ndogondogo. Anakutajia gharama ya kazi peke yake na ya spea peke yake. Anakurudishia spea ya zamani bila kuombwa. Anakwambia hii ni ya leo, hii inaweza kungoja miezi mitatu. Kazi ya umeme asiyoiweza anakupeleka kwa fundi umeme badala ya kujifunzia kwenye nyaya zako. Mjaribu kwanza kwa kitu kidogo, kwa mfano pedi za breki, halafu chungulia: pini za kalipa, kile chuma kinachobana pedi, zimepakwa grisi? Nati za magurudumu zimekazwa kwa mpango au kwa hasira?

Na wewe una upande wako. Wateja tunapenda kulipia chuma, kulipia akili hatutaki. Mtu ametumia saa nzima kutafuta sauti, amekuta ni klipu ya ngao ya chini ya gari imelegea, unamwambia "si umegusa tu?" Fundi asiyelipwa kwa kupima atajilipa kwenye spea. Mlipe saa yake, hata kama hakufunga kitu.

Injini inakula oili, kama lita moja kila kilomita 1,500. Fundi mmoja anataka kufanya ovahoo, yaani kuifungua injini yote na kuisuka upya, mwingine anasema niweke oili nzito. Nimsikilize nani?

Wote wawili wamekimbilia dawa kabla ya kupima. Kwanza ijulikane oili inapita wapi. Kama inavuja, utaona unyevu kwenye gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) au sili ya kranki (shafti ya chini inayozungushwa na pistoni), na hiyo ni kazi ya gasketi. Kama inaungua, angalia moshi wa bluu unatoka lini. Ukitoka asubuhi unapowasha kisha ukapotea, washuku sili za valvu. Ukitoka unapokanyaga mafuta kwa nguvu, shuku ringi za pistoni. Kabla ya yote hayo abadilishe valvu ya PCV, ile inayopitisha hewa ya ndani ya injini. Ni kitu kidogo na cha bei ndogo, ikiziba presha hupanda na oili hutafuta pa kutokea. Kisha apime kompresheni, kavu, halafu tena akitia oili kidogo ndani ya silinda. Namba zikipanda baada ya oili, ringi zimechoka.

Lita moja kwa kilomita 1,500 inakera, ila si hukumu ya kifo. Wapo watengenezaji wanaohesabu kiasi hicho kuwa bado ndani ya mipaka. Kuhusu oili nzito: kupanda hatua moja, kutoka 5W-30 kwenda 5W-40, ni sawa kama kitabu cha gari kinairuhusu. Kurukia 20W-50 kwenye injini yenye valvu zinazojibadilisha taimingi ni kuichelewesha oili kupita kwenye njia zake nyembamba.

Kila ukijaza mafuta, chomoa kijiti cha oili. Gari liwe mahali tambarare, injini imezimwa dakika kadhaa, futa kijiti, rudisha, chomoa tena ndipo usome. Injini hizi haziuawi na kula oili, zinauawa na mwenyewe kutojua kuwa imekwisha.

Giaboksi ya otomatiki haijawahi kubadilishwa oili. Naambiwa nikibadilisha sasa itakufa. Ni kweli?

Uvumi huu una chanzo. Watu hungoja mpaka giaboksi inateleza, ndipo wanabadilisha oili, inakufa wiki ijayo, lawama zinaiangukia oili. Kama yako inabadili gia vizuri, oili imwagwe kwa dreni, yaani tundu la chini, na ijazwe kiasi kilekile kilichotoka, bila mashine ya kusukuma kwa presha. Baada ya kilomita elfu chache irudiwe. Aina ya oili iwe ileile iliyoandikwa kwenye kitabu, hapa usikubali "hii inafaa magari yote". Mwombe fundi akuonyeshe sumaku ya ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi. Tope la kijivu lililo laini ni la kawaida, vipande vya chuma si vya kawaida.

Na kama tayari inateleza? Usipoteze fedha kwenye oili, weka akiba ya giaboksi.

Spea za mtumba zinafaa?

Baadhi zinafaa kuliko mpya za bandia. Milango, taa, vioo, alteneta, hata giaboksi iliyotoka kwenye gari lililogongwa, chukua ya asili iliyotumika. Kila cha mpira na kila kinachosuguana, nunua kipya: mikanda, hozi, bushi, pedi za breki. Matairi pia, na hata ukiambiwa ni mapya soma ubavuni tarakimu 4 za mwisho za namba ya DOT. 2319 maana yake liliundwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Duka likiwa na giza, washa tochi ya simu.

Maji ya bomba kwenye rejeta yana ubaya gani? Gari halichemshi.

Bado. Kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, si ya baridi peke yake, ina dawa ya kuzuia kutu na hupandisha kiwango cha kuchemka. Maji ya bomba huacha chumvi kwenye rejeta na kuitafuna silinda hedi ya aluminiamu taratibu. Changanya kulanti na maji yaliyosafishwa, na badilisha kifuniko cha rejeta kama mpira wake umekauka, maana ndicho kinachoshika presha. Mshale wa joto ukipanda njiani, simama na uzime. Usiseme "nifike tu hapo mbele". Na usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto.

Ni wakati gani niachane nalo?

Watu hulinganisha bei ya matengenezo na bei ya gari, wakakata tamaa mapema. Linganisha na gharama ya kulipata jingine, pamoja na maradhi yake usiyoyajua. Injini hubadilishwa, giaboksi hubadilishwa, hayo ni mahesabu tu. Ninachokiogopa ni kutu. Kabla ya kulipia kazi yoyote kubwa mwambie fundi alinyanyue gari, apite na bisibisi kwenye kingo za chini za bodi na pale sespensheni inaposhikilia. Bisibisi ikizama, usinunue hata pedi za breki. Liuze kwa wanaokata spea.