Mikate ya usiku iliyokosekana kwenye ripoti

Kwa majuma mawili mama mwenye bulanjeri moja hapa Ibanda, Bukavu, alinipigia simu kila jioni: «Mwanangu, mikate ya usiku imeenda wapi tena?» Tanuru lake linawaka usiku kucha, na kila chano kinachotoka huandikwa kwenye simu na kuhifadhiwa Firestore, hifadhidata ya mtandaoni ya Google. Rekodi zote zilikuwemo. Ripoti ya siku niliyomtengenezea ndiyo iliyopungua, na vijana wa zamu ya usiku wakaanza kutazamwa kama wezi. Hilo liliniuma sana.

Nilipoteza siku tatu nikibadilisha kichujio cha tarehe, yaani sehemu ya programu inayochagua rekodi za siku moja, kwa kubahatisha. Usifuate njia hiyo. Chukua rekodi moja ambayo una hakika haionekani, tazama saa yake kama ilivyohifadhiwa, kisha uchapishe mipaka miwili ambayo kichujio chako kinatumia kweli. Mimi nilichukua chano cha saa 00:40, tarehe 5. Kwa UTC, saa ya kimataifa ya marejeo, kilisomeka 22:40, tarehe 4, na hilo ni sawa kabisa, maana Bukavu iko saa mbili mbele ya UTC. Mpaka wangu ndio uliokosea. Katika JavaScript, lugha ya programu niliyotumia, tarehe iliyoandikwa bila saa, kama 2024-03-05, husomwa kuwa 00:00 ya UTC, yaani 02:00 kwetu. Kwa hiyo mikate yote iliyotoka kati ya 00:00 na 02:00 iliingia kwenye ripoti ya jana, ambayo mama alikuwa amekwisha kuichapisha na kuifunga.

Nikaongeza T00:00 mwishoni mwa tarehe. Kwenye kompyuta yangu hesabu ikakaa sawa; kwenye seva kosa likarudi, kwa sababu tarehe yenye saa husomwa kwa majira ya mashine yenyewe, na seva ile ilikuwa kwenye UTC. Tena, binti yake aliye Kinshasa alipofungua ripoti kule aliona jumla nyingine, kwani Kinshasa iko saa moja nyuma yetu na kivinjari chake kilifuata saa ya huko. Dawa ni kutaja majira ya bulanjeri yenyewe kwa jina. Kwenye orodha ya majina ya majira usitafute Africa/Bukavu, halipo. Sisi wa mashariki mwa Kongo tunatumia Africa/Lubumbashi.

Mpaka wa mwisho usiuweke 23:59:59, maana chano kilichoandikwa nusu sekunde baadaye kitaachwa nje. Andika: kuanzia mwanzo wa leo, na kabla ya mwanzo wa kesho.

Kama kichujio hakirudishi kitu chochote, wala hakuna ujumbe wa kosa, kagua aina ya data kabla ya saa. Rekodi zetu za kwanza zilikuwa na tarehe kama maandishi, 05/03/2024. Firestore hailinganishi maandishi na alama ya wakati (timestamp): inaziruka kimya. Na hata ukilinganisha maandishi kwa maandishi, mpangilio huo unatanguliza siku, hivyo tarehe 5 Machi inakuja kabla ya tarehe 6 Januari. Tulizigeuza zote kwa programu ndogo, baada ya kuhifadhi nakala.

Siku hizi, kabla ya kumkabidhi mtu ripoti, naingiza rekodi nne za majaribio: 23:59 ya jana, 00:00, 01:30 na 23:59 ya leo. Tatu lazima zionekane. Nilimwonyesha mama hesabu hiyo mbele ya vijana wake wa usiku, chano kwa chano.